Ukisema umesema: maswali yenu kuhusu poka ya dau

Maswali yenu yamekuwa mengi, na karibu yote yanarudi kwenye dau. Kujua karata ipi inaishinda ipi ni kazi ya jioni moja. Kinachowagombanisha watu mezani ni nani aweke, aweke lini na aweke kiasi gani. Nimechagua maswali saba.

Mimi poka naijua tangu shule ya msingi: jeki inaruka, mfalme anarudisha mchezo, mbili na tatu unaokotesha, ukikaribia kumaliza unasema "niko kadi". Juzi nimekaribishwa meza moja Nyali na sikuelewa hata kimoja. Ile ni poka gani? (Kijana wa Kisauni)

Mdogo wangu, ni michezo miwili iliyogongana jina. Hiyo yako ni kadi yetu ya Kenya, na lengo lake ni kumaliza karata mkononi. Uliyoikuta Nyali bila shaka ni holdemu, poka iliyotoka Texas, Marekani, na kule hakuna anayemaliza karata. Kila mchezaji hupewa mbili za siri. Halafu zinafunuliwa tano katikati ya meza ambazo ni za wote: kwanza tatu kwa mpigo, zinaitwa flopu; kisha moja, tani; kisha ya mwisho, riva. Unachagua tano bora kati ya zile saba.

Dau huzungushwa mara nne: kabla ya flopu, baada ya flopu, baada ya tani na baada ya riva. Pesa au chipu, yaani vidude vya kuhesabia vinavyosimama badala ya pesa, zote zinaingia kwenye chungu kimoja katikati. Chungu hicho unakipata kwa njia mbili: uwe na karata bora mwishoni, au wenzako wote watupe karata zao, yaani wajitoe, kabla ya kufika huko. Hiyo njia ya pili ndiyo inayowashangaza wageni, maana mtu anaweza kushinda bila kufunua chochote, wala halazimiki kukuonyesha alikuwa na nini.

Marehemu baba alinifunza wahedi u sitini nikiwa msichana. Sasa wajukuu wananifunza hii poka, lakini kila nikishika saba nafurahi na wao wananiambia si kitu. Na je, shupaza inaishinda kopa? (Mama wa Mji wa Kale)

Shikamoo mama. Swali lako nimelipenda kuliko yote, kwa sababu kosa hilo nimeliona kwa watu wengi wa pwani waliolelewa na mchezo ule. Katika wahedi u sitini karata zina alama: ree, ile yenye A, kumi na moja, saba kumi, kisha wazungu watatu, yaani mfalme nne, jeki tatu, malkia mbili. Ndiyo maana wazee wetu walimwita mfalme mzungu wa nne, jeki mzungu wa tatu na malkia mzungu wa pili. Jumla ni alama 120, na anayefika 61 ameshinda. Jina la mchezo ni hesabu yake.

Huo ni utaratibu wa Wareno, mama, na majina ya aina nne za karata tunayoyatumia ni yao pia: kopa, uru, pau, na shupaza. Walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakang'olewa na Waomani mwaka 1698, lakini maneno yao ya karata yamebaki barazani hadi leo. Nikisikia mtu anasema "uru" pale Mji wa Kale moyo wangu hufurahi. Ningependa wajukuu zako wayashike majina haya hata wakicheza mchezo wa Texas.

Sasa, kwenye poka uyaache yale mawili. Saba ni saba tu, iko chini ya nane. Na malkia anamshinda jeki. Mpangilio ni ree, mfalme, malkia, jeki, kumi, na kuendelea kushuka hadi mbili. Ree pekee inaruhusiwa pia kusimama kama moja ukipanga ree, mbili, tatu, nne, tano. Shupaza haiishindi kopa wala kopa haiishindi shupaza. Nyinyi wawili mkiwa na tano zinazolingana kabisa, chungu kinagawanywa nusu kwa nusu.

Kuhusu nini kinashinda nini, kuanzia juu: mfululizo wa karata tano za aina moja, nne zinazolingana, tatu zinazolingana pamoja na jozi, wanayoiita fuli hausi, tano za aina moja bila mfululizo, yaani flashi, mfululizo wa aina mchanganyiko, tatu zinazolingana, jozi mbili, jozi moja, na mwisho karata kubwa tu. Wengi husahau ipi iko juu kati ya flashi na mfululizo. Hesabu inasaidia: katika mikono 2,598,960 ya karata tano inayoweza kutoka kwenye pakiti, mfululizo wa kawaida uko 10,200, flashi 5,108, na fuli hausi 3,744. Kilicho adimu ndicho kikubwa.

Blaindi ni nini, na kwa nini nilazimishwe kuweka pesa kabla sijaona karata? (Bamburi)

Kwa sababu bila dau la lazima kila mtu angekaa akisubiri ree mbili, na hizo hutoka mara moja katika kila mikono 221, yaani migao 221 ya karata. Mchezo ungelala.

Kuna kitufe cha duara kinachoonyesha ni zamu ya nani kuwa mgawaji. Aliye kushoto kwake anaweka blaindi ndogo, anayefuata anaweka blaindi kubwa, kwa kawaida mara mbili ya ile ndogo. Kila mkono ukiisha kitufe kinasogea kushoto, kwa hiyo mzigo huo unamfikia kila mtu. Kabla ya flopu anaanza kusema aliye kushoto kwa blaindi kubwa. Baada ya flopu anaanza aliye kushoto kwa kitufe, kama bado yumo. Wenye kitufe huamua mwisho, na kuamua mwisho ni faida kubwa, maana umeshawaona wenzako wote.

Watu wa Bamburi naomba mkumbuke mambo mawili. Kama wote wamefuata tu, yaani wameweka kiasi kilekile, aliyeweka blaindi kubwa bado ana haki ya kupandisha. Msimfunulie flopu kabla hajasema. Na mkibaki wawili peke yenu, mwenye kitufe ndiye anayeweka blaindi ndogo, na ndiye anayeanza kusema kabla ya flopu.

Blaindi zilikuwa 50 na 100. Rafiki yangu akapandisha mpaka 300. Mimi nikataka 400, nikaambiwa haiwezekani, lazima 500. Walinionea? (Likoni)

Hawakukuonea, bwana. Hii ndiyo kanuni inayozua ugomvi kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Zamu yako ikifika na hakuna aliyeweka dau katika mzunguko huo, una mambo mawili: kupita, yaani cheki, au kuweka dau. Akishaweka mtu, una matatu: kutupa karata, kufuata kwa kiasi kilekile, au kupandisha. Na ukipandisha, nyongeza yako isiwe ndogo kuliko nyongeza iliyotangulia. Angalia neno hilo, nyongeza. Rafiki yako alitoa dau kutoka 100 hadi 300, kwa hiyo aliongeza 200. Wewe unaongeza 200 au zaidi juu ya 300. Ndiyo 500 hiyo. Baada yako, anayetaka kupandisha tena anaanzia 700.

Kuna mahali pamoja ambapo 400 ingekubalika: kama ndizo chipu zote ulizobaki nazo. Mtu haruhusiwi kuondolewa mezani kwa sababu hana za kutosha; anaziweka zote na anabaki kwenye mkono. Ila nyongeza hiyo pungufu haimfungulii mlango rafiki yako. Zamu ikimrudia na wengine wote wamefuata tu, atamalizia 100 au atatupa, lakini hapandishi tena. Wengi hawalijui hili, na wenye ujanja huwatumia wageni. Lijue kabla hujakaa.

Haya yote ni ya meza isiyo na kikomo. Ukialikwa meza ya kikomo cha chungu, huwezi kupandisha zaidi ya kilichomo baada ya wewe kufuata. Chungu kina 600, mwenzako ameweka 300: wewe unafuata kwa 300, chungu kinakuwa 1,200, na hizo 1,200 ndizo nyongeza yako ya juu kabisa. Jumla unayosukuma ni 1,500.

Nilisema "nafuata hizo 500, halafu naongeza 500". Mgawaji akakataa nyongeza yangu. (Tudor)

Ulipotamka "nafuata" ulikuwa umeshamaliza zamu. Mezani neno la kwanza ndilo linalokufunga, sawa na kusukuma chipu kwa mafungu mawili huku ukichungulia uso wa mwenzako. Sema "napandisha" kwanza, kisha taja kiasi. Na ukitupa chipu moja kubwa bila kusema kitu wakati kuna dau mbele yako, inahesabiwa umefuata tu, utarudishiwa chenji. Kwa hiyo fungua kinywa kabla ya mkono.

Mume wangu hataki kamari nyumbani, nami naheshimu. Tukicheza kwa mbaazi kavu, si itakuwa mchezo wa watoto? (Dada wa Majengo)

Dada yangu, kuhusu halali na haramu muulizeni shehe mnayemwamini, mimi si wa kutoa fatwa. Kuhusu mchezo wenyewe, mbaazi zinatosha kabisa. Nimefundisha watu wengi hivyo na kanuni zote zinabaki zilezile. Mpeane punje 100 kila mtu, blaindi moja na mbili. Sharti langu ni moja: aliyemaliza punje zake ametoka hadi mchezo uishe. Mkianza kurudi jikoni kuchota nyingine, hakuna atakayetupa karata, kila mtu atafuata kila dau, na hamtajifunza lolote.

Na kwa wale wa pesa, nasema kwa moyo wangu wote: aliye chini ya miaka 18 sheria ya Kenya hairuhusu, na pesa ya kodi ya nyumba au ya karo haikai kwenye chungu hata kwa mkono mmoja.

Watatu tumesukuma: mmoja chipu zake zote 800, mwingine zote 2,000, mimi nikafuata hizo 2,000 na nina nyingine pembeni. Mwenye 800 akawa na karata bora, akavuta chungu chote. Ni haki? Na nani alipaswa kufunua kwanza? (Changamwe)

Si haki, na mlipaswa kumzuia hapohapo. Mtu hashindi kwa kila mwenzake zaidi ya kile alichokiweka yeye. Chungu kikuu ni 800 mara tatu, yaani 2,400, na hicho ni chake. Zilizobaki, 1,200 zako na 1,200 za mwenzako, ni chungu cha pembeni cha 2,400, na wagombea ni nyinyi wawili tu. Mafungu hayo yatenganishwe mezani mara mtu anapoishiwa, msingoje mwisho mkaanza kukumbushana.

Mtu akishaishiwa na hakuna dau jingine linalowezekana, kama ilivyokuwa kwenu, sehemu nyingi wote hufunua papo hapo. Vinginevyo anaanza aliyeweka au aliyepandisha dau la mwisho kwenye riva. Kama wote mlipita, anaanza aliye kushoto kwa kitufe. Kisha karata zinajisemea zenyewe. Mtu akitangaza "flashi" na hana, tangazo lake ni bure, na mwenye mfululizo asiyejua kama anao bado ameshinda, mradi amezilaza wazi mezani.

Hilo la kulaza wazi lilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza mwenzangu alitangaza fuli hausi, nami nikaamini, nikazitupa jozi zangu mbili kwenye rundo. Alipofunua, alikuwa amesoma vibaya, ana jozi mbili ndogo kuliko zangu. Karata zikishaingia kwenye rundo zimekufa, na chungu akapewa yeye. Tangu siku hiyo mkono wangu hauachi karata hadi niione ya mwenzangu kwa macho yangu, na nawe ufanye hivyo hata kama anayetangaza ni ndugu yako.