Shangazi, damu imekata lakini mume wangu bado hanigusi

Msomaji wetu ni mzaliwa wa Mombasa anayeishi London. Aliingia dini ya Kiyahudi, kisha akaolewa na Myahudi wa Kiashkenazi, yaani wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Anasema damu humkata siku ya nne, anakoga vizuri nyumbani kama alivyofunzwa na mama yake mdogo, lakini mume anaendelea kulala kitanda cha peke yake, na hata chumvi humwekea mezani badala ya kumpa mkononi. Mzunguko wake ni wa siku 24, na mimba haijaingia.

Binti yangu, nianze na hiyo chumvi, maana naona ndiyo iliyokuliza. Kutopeana vitu mkono kwa mkono ni ua waliouweka marabi, wanazuoni wa Kiyahudi, ili mguso mdogo usizae mkubwa. Mumeo hakuoni mchafu. Naye kafungwa na ua huohuo.

Shida iko kwenye hesabu. Kwa Waislamu uliokua nao, damu ikikata mwanamke anakoga josho, basi. Kwa Wayahudi, damu kukata ni mwanzo tu. Torati ilitaja siku saba, lakini Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi, inasema wanawake wenyewe walijitia ugumu: hata tone kama punje ya haradali, wahesabu siku saba safi.

Tuseme damu imeanza Jumapili alasiri. Waashkenazi husubiri siku tano kwa uchache, kwa hiyo Alhamisi kabla jua halijatua unajisafisha, unajikagua ndani kwa kitambaa cheupe laini. Kikitoka safi, Ijumaa ndiyo siku ya kwanza kati ya saba. Damu ikianza Jumapili baada ya magharibi, hiyo ni Jumatatu tayari. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa hilo. Siku hizo saba vaa chupi nyeupe na ujikague asubuhi na kabla ya magharibi. Ukiona rangi usiyoielewa, hasa kahawia, usijihukumu: tia kitambaa kwenye bahasha, andika tarehe, kipelekwe kwa rabi. Wamezoea, na si lazima ajue ni cha nani. Siku nyingine vaa chupi za rangi, kwani doa lililoonekana tu kwenye nguo ya rangi, bila wewe kuhisi kitu, kwa kawaida halivunji twahara.

Alhamisi inayofuata, usiku ukiingia, unakwenda mikve, birika la kuzama ili kujitwaharisha. Bafu la nyumbani halitoshi, maana mikve hutaka maji ya asili, kama ya mvua. (Ukija likizo, Bahari ya Hindi ni mikve halali, ila usiende peke yako usiku.) Kabla ya kuzama fumua misuko, chana nywele, kata kucha, toa rangi ya kucha, pete na lenzi za macho. Hina iliyokolea ngozini haizuii. Nywele za kushonea muulize rabi mapema, usingoje kufika mlangoni. Mwanamke msimamizi atahakikisha hata unywele mmoja haukubaki juu ya maji.

Sasa mimba. Kwa hesabu hiyo unazama usiku wa kuingia siku ya 13, na mwenye mzunguko wa siku 24 yai lake huweza kupevuka karibu na siku ya 10. Huenda mnakutana yai limeshapita! Usipunguze siku kwa siri, wala usimfiche daktari habari ya mikve. Nunua vipimo vya kupevuka kwa yai, andika matokeo ya miezi miwili, kisha umpelekee daktari na mshauri wa kike wa sheria hizi. Wanaitwa yoatzot halacha. Taasisi ya Nishmat ya Jerusalem ilianza kuwatoa mwaka 1999, na mambo haya ya chumbani ndiyo kazi yao. Zipo dawa za kuchelewesha yai, na pengine rabi ataruhusu siku nne badala ya tano. Mwende pamoja na mumeo, na karatasi ya vipimo mkononi.