Uliza Fundi: Koo refu la Mauser si ugonjwa

SWALI: Fundi shikamoo. Niko South C lakini swali ni la kaka yangu, yuko Texas huko Marekani, amenunua raifo ya zamani ya Mauser ya risasi saizi ya 7x57 na anajijazia risasi mwenyewe, yaani anatia baruti na kichwa kwenye ganda nyumbani, huko inaruhusiwa. Sasa kila wikendi ni kunitumia voisi noti, ati koo la bunduki ni refu mno, kichwa cha risasi kikitoka kwenye ganda kinateleza bure kabla kishike mistari ya ndani ya mtutu, ndio maana shabaha haikai. Anataka kuvuta kichwa nje ya ganda mpaka kiguse mistari. Mimi sijui hata nimjibu nini.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie apunguze voisi noti kwanza, maana koo refu kwenye 7x57 ni kitu kilichofanywa makusudi kabisa. Kwa wasomaji ambao hawajui, koo ni ule mwanya ulio mbele ya chemba, yaani pale risasi inapokaa, kati ya mdomo wa ganda na pale mistari ya ndani ya mtutu inapoanzia. Mauser walipoitoa hiyo saizi miaka ya 1890 kichwa chake kilikuwa kirefu, pua ya mviringo, greni 173 yaani kama gramu 11.2, na kichwa cha namna hiyo lazima kipate nafasi, kwa hivyo chemba ikakatwa na koo la kukitosha. Leo mtu anaweka kichwa cha greni 120 ama 140, kifupi, ncha kali kama sindano, halafu anashangaa mbona kinasafiri sana kabla kiguse chuma. Koo ni lile lile, kilichobadilika ni kichwa.

Sasa hiyo mambo ya kukivuta nje. Ina shida tatu na ya mwisho ndio mbaya. Moja, magazini: kipimo rasmi cha Ulaya cha risasi nzima ya 7x57 hakizidi milimita 78, ukirefusha zaidi unaweza kupata risasi nzuri sana isiyoingia kwenye magazini, utakuwa unalisha moja moja kwa mkono. Pili, shingo ya ganda lazima ikamate kichwa vizuri, mafundi wengi wanapenda kishikwe angalau kwa urefu sawa na upana wake, hapa ni kama milimita 7, na ukikivuta kichwa kifupi hadi kifike mistari kwenye koo kama hilo kitabaki kimeshikiliwa na ncha ya vidole, kikigongwa kidogo kinapinda, na kichwa kilichopinda ndio kinaharibu shabaha kweli kweli. Tatu ni presha. Kichwa chenye nafasi kinaanza kutembea kwanza halafu ndio kinaingia kwenye mistari, kile kilichosukumwa kikabana pale kinaanza safari kikiwa kimekwama, gesi inajaa nyuma yake na presha inapanda, na baruti ni ile ile. Kama alikuwa tayari karibu na kiwango cha juu cha baruti kwenye kitabu cha kujazia risasi, hapo anacheza na macho yake, na hilo ganda liko sentimita chache kutoka usoni.

Na si kweli ati kichwa kisipogusa basi shabaha imekufa. Weatherby wa Marekani walijenga jina lao kwa bunduki zenye koo refu kupindukia, na watu wanapiga nazo vizuri tu. Hata vile vichwa vya shaba tupu vya Barnes, kampuni yenyewe inashauri uviache mbali na mistari kama milimita 1.3 hivi.

Kwa hivyo kaka ajaribu kichwa cha greni 160 hadi 175, kile ambacho koo lilikatiwa, afuate kitabu cha kampuni ya baruti kuanzia kiwango cha chini, na urefu wa risasi auache ule wa kitabu. Na kabla ya hayo yote aangalie skrubu za mti wa bunduki na za darubini. Nasema kwa uzito, raifo nyingi zinazosingiziwa koo ni skrubu zimelegea.

SWALI: Hiyo raifo inaweza kuwa koo limeliwa tu kwa sababu ni mzee? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Inaweza, swali zuri. Gesi ya moto inakula chuma pale mwanzo wa mistari, koo linasonga mbele kidogo kidogo. Fundi mwenye kamera ya mtutu ataona haraka: koo lililokatwa refu kiwandani ni laini na kingo ziko safi, lililoliwa lina nyufa nyufa na mistari imefifia. La kwanza unaliacha, la pili mwishowe ni mtutu mpya.

SWALI: Na mimi hapa Nairobi nikinunua mashine nijijazie nyumbani? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Usianze na mashine bana. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, risasi bila cheti ni kosa hata kama bunduki huna, na cheti chenyewe kinataja idadi ya risasi unayoruhusiwa kuwa nayo. Andikia Bodi ya Leseni za Silaha, upate jibu kwa maandishi kabla hujalipa hata shilingi.

SWALI: Babu alikuwa akisema kuna Mzungu aliua ndovu na hiyo 7x57 ndogo, ni hekaya? (Msomaji, Kawangware)

JIBU: Si hekaya. Ni Mskoti W.D.M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda kule Karamoja, Uganda. Bunduki yake maarufu ilikuwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 hiyo hiyo kwa jina la Kiingereza, na alitumia vichwa vigumu vya greni 173, virefu, vya koo refu. Ila alijua ubongo wa ndovu uko wapi kutoka kila upande, hiyo ndio kazi yote, na anayedhani ni bunduki iliyofanya vile hajawahi kusimama karibu na ndovu. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo hiyo ibaki stori ya babu.