Binti, Usiache Unesi kwa Sababu Umeitwa Madhabahuni

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa binti wa Mbagala anayesomea stashahada ya uuguzi. Ameandika: "Shikamoo mama. Nasikia wito wa ukasisi na moyo haunipi raha. Niache chuo nikasome theolojia?" Tangu Oktoba 2025, ilipotangazwa kwamba Sarah Mullally ndiye Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa kiroho wa Waanglikana duniani, mwanamke wa kwanza kupewa kiti kile, mabinti wa Kianglikana wananiuliza swali hilihili, maana wanajua mimi ni nesi na ni kasisi. Namjibu hapa ili na wengine wasome.

Marahaba mwanangu. Usiache chuo.

Huyo Mullally mnayemtamani alizaliwa mwaka 1962, akasomea uuguzi London, akahudumia wagonjwa wa saratani, na mwaka 1999, akiwa na miaka 37, akateuliwa Muuguzi Mkuu wa Serikali kule Uingereza. Kabla yake hakuna aliyeshika nafasi ile akiwa na umri mdogo hivyo. Alipowekwa wakfu kuwa kasisi mwaka 2002 alikuwa bado mtumishi wa serikali, anatumika kanisani bila mshahara wa kanisa. Serikalini alitoka 2004. Baadaye ndipo yakaja mengine: parishi ya Sutton, kanisa kuu la Salisbury, uaskofu wa Crediton mwaka 2015, uaskofu wa London mwaka 2018. Nyinyi mnaiona kofia ya uaskofu. Mimi naiona miaka ya wodini. Hata hapa Afrika, Ellinah Wamukoya, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana barani kwetu, aliyewekwa wakfu Novemba 2012 kule Swaziland, aliwahi kuwa mkurugenzi wa halmashauri ya jiji la Manzini. Alijua bajeti, alijua maji na taka, alijua watu wenye hasira mlangoni kwa ofisi.

Mimi nilikuwa mkunga hapa Dar, wodi ya wazazi, hospitali kubwa yenye wajawazito wengi kuliko vitanda. Usiku mmoja dada mmoja alijifungua mtoto ambaye hakulia. Tulifanya yote tuliyofundishwa, ikashindikana. Sikuwa na la kumwambia. Nilimwosha yule mtoto kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nikamfunga kwenye kanga ambayo mama yake alikuja nayo, nikampakatisha. Nikakaa pembeni ya kitanda mpaka alipoanza kuongea mwenyewe. Aliongea habari za jina walilokuwa wamemchagulia. Nje, mama mkwe alikuwa na kikapu cha uji, hajui lolote, na mimi ndiye niliyetoka kumweleza.

Miaka mingi baadaye nilikaa darasani chuo cha theolojia, mwalimu anafundisha namna ya kuwahudumia wafiwa. Wanafunzi wenzangu, vijana wazuri wenye akili kunishinda, waliandika kila neno. Mimi nilikuwa nalikumbuka beseni lile. Nililetwa pale na wodi, na nalisema hili kwa fahari, kwa sababu wapo walioniambia unesi ulinichelewesha.

Niliwekwa wakfu mkoani, kwenye dayosisi inayowapokea wanawake. Ndugu msomaji, ujue hapa Tanzania kila dayosisi ina msimamo wake: wapo wanaowaweka wakfu wanawake, wapo wasiofanya hivyo. Majirani zetu Kenya na Uganda walianza mwaka 1983. Mume wangu alipohamishiwa Dar nikarudi naye, na ukanda huu wa pwani malezi yake ya kanisa yalitoka kwa wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, waliokuwa Zanzibar, ya ubani na kengele, na wazee wengi wamekua wakijua kasisi ni mwanamume basi.

Jumapili moja nilialikwa kusaidia kugawa Ushirika katika kanisa ambalo sitalitaja. Nikasimama na sahani ya mkate. Mzee aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari wangu alinitazama, akafumba mikono yake miwili, akahamia mstari wa pili. Walio nyuma yake wakamfuata. Aliyebaki ni mama mmoja, na nilimtambua, nilimzalisha mapacha. Alikinga mikono, akapokea, akaitika amina kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Yule mzee hajanisalimia mpaka leo. Inaniuma, na sitasema nimeshapona.

Hata misibani, watu wakiniona na kola bado wanamwendea mume wangu: "Mchungaji, tuanze?" Naye ni fundi umeme. Hunyoosha tu kidole kunionyesha.

Sasa binti, fikiri. Siku ile ya mstari uliohama, mshahara wangu haukuwa mikononi mwa wazee wale. Jumatatu yake niliingia zamu kama kawaida. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kasisi mwanamke asiye na kazi nyingine anaweza kunyamazishwa kwa posho tu. Shika kazi yako! Mungu anayekuita madhabahuni ndiye aliyekupeleka darasa la anatomia, wala hajichanganyi. Tuna mama yetu katika hili, Florence Li Tim-Oi, mwanamke wa kwanza kuwa kasisi wa Kianglikana, aliyewekwa wakfu Januari 1944 na Askofu Ronald Hall wa Hong Kong kwa sababu vita vilikuwa vimewaacha Waanglikana wa Macau bila kasisi. Vita vilipoisha wakubwa wa kanisa walikasirika, na mwaka 1946 akarudisha kibali chake cha kuhudumu. Ukasisi hakuukana. Alikuja kufanya kazi shambani na kiwandani huko China, na mwaka 1971 Hong Kong ilipowaweka wakfu wanawake wengine wawili, naye akatambuliwa tena. Mikono iliyoshika jembe haikuacha kuwa ya kasisi. Dada zangu, acheni kulia kwamba mlango umefungwa huku mmekaa bure barazani!

Kwa hiyo maliza stashahada, upate leseni, ufanye kazi. Usiache kazi. Mwambie mchungaji wako habari ya wito sasa hivi, usimfiche, kwa kuwa barua ya pendekezo itatoka kwake na kwa halmashauri ya parishi. Uliza mapema kama dayosisi yako inaweka wakfu wanawake, usije ukasoma chuo cha theolojia cha Msalato au Kongwa mpaka mwisho ndipo uambiwe utabaki mwinjilisti. Fundisha shule ya Jumapili, wazuru wagonjwa. Na nasema tena, usiache kazi.

Jumamosi nikiwa sina zamu nipo nyumbani kuanzia saa tisa alasiri. Njoo na mama yako, maana naye ana maswali yake.