Kizibao chenye taa usiku: kinasaidia, ila kivae vizuri

Ndugu, umeuliza kama kizibao chenye taa kina faida kuliko kile cha kawaida cha riflekta, maana pikipiki unaiendesha zaidi usiku. Kinayo. Riflekta haina mwanga wake, inarudisha tu ule wa taa za gari kule ulikotoka. Sasa dereva anayechomoza kutoka barabara ya pembeni, taa zake hazijakumulika bado, kwake wewe ni giza. Hapo ndipo taa za kizibao zinapokuokoa. Na ile njano kali inayong'aa mchana inategemea miale ya jua. Usiku haina kazi.

Tafuta chenye taa na riflekta pamoja, kwani betri huzima bila kukuaga. Mgongoni ziwe nyekundu. Za bluu achana nazo, nchi nyingi zimewaachia polisi na magari ya dharura.

Ukibeba begi mgongoni umejizima mwenyewe! Vaa kizibao juu ya begi, ukifunge zipu kisipepee, na utepe ukishika matope uufute. Halafu ukiwa karibu na lori, kama huvioni vioo vyake vya pembeni, dereva hakuoni hata uwake vipi, rudi nyuma.