Kabla hujaacha wali kwa sababu ya takwimu

Kila ukifungua simu unaambiwa kirutubisho fulani, kama wanga ulio kwenye wali, "kinahusishwa" na unene. Mimi nimefanya kazi ya dodoso la lishe hapa Tanga, nikibisha hodi Ngamiani na Makorora kuuliza, "Mama, jana ulikula nini?" Namba nyingi za aina hiyo huzaliwa hivyo.

Jibu la kwanza huwa fupi: chai, wali, samaki. Ukidodosa ndipo mengine yanatoka. Chai ilikuwa ya vijiko vitatu vya sukari, na mahamri juu. Wali ni wa nazi. Samaki alikaangwa kwanza, ndipo akatiwa kwenye tui zito. Kashata iliyoliwa barazani na kahawa haitajwi kabisa. Wanaume ndio mabingwa wa kuisahau. Halafu kuna sinia: watu watano wamekula pamoja, nani alipima matonge yake? Tunakadiria, tunaandika gramu, kompyuta inazigeuza kuwa wanga, mafuta na protini.

Na kasoro hiyo haiwaangukii wote sawasawa. Vipimo vya nishati inayotumiwa na mwili vimeonyesha kwamba watu wanene, kwa wastani, hutaja chakula pungufu zaidi ya walichokula kuliko wengine. Tena mshale wa chanzo na matokeo unaweza kugeuka: soda isiyo na sukari huonekana sana kwa wanene, lakini wengi huihamia wakiwa wameshanenepa.

Ndiyo maana nauamini zaidi ushahidi ambao haukutegemea kumbukumbu. Mwaka 2019 huko Marekani, mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha jaribio la watu wazima 20 waliokaa kwenye kituo cha utafiti, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na wiki mbili visivyosindikwa sana, kila mtu ale atakavyo. Sukari, mafuta na nyuzinyuzi zilizoandaliwa mezani zilifanywa zilingane pande zote mbili. Kwenye vilivyosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Watu ni wachache, sawa, lakini kila sahani ilipimwa.

Vinywaji vya sukari navyo vimebanwa na tafiti za kila namna. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku: kama gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000. Chupa moja ya soda ya nusu lita inaweza kuzimaliza zote.

Kwa hiyo wali wako endelea nao kwanza. Anza na vinywaji. Kwa wiki moja pakua chako kwenye sahani yako peke yako, si kwenye sinia, uandike palepale, usingoje usiku. Mama mkwe wangu aliniuliza nimegombana na nani. Na mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu: kijiko kimoja cha chakula ni kama kilokalori 120, na katika mahojiano yote yale sikumbuki aliyeyataja bila kuulizwa.