Sungura amegoma kula tangu jana jioni: nimlishe kwa nguvu au nisubiri?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Tuna sungura dume wa miaka 2, ana kama kilo 2, tunamfuga ndani kwa ajili ya watoto. Jana mchana watoto walimpa ndizi na vipande vya mkate. Tangu jioni hataki hata majani ya viazi vitamu anayoyapenda. Amejikunyata kwenye kona, anasaga meno, na leo asubuhi sijaona kinyesi kabisa. Jirani anasema nimnyweshe mafuta ya kula, na muuza dawa za mifugo amenipa amoksilini ya unga. Nimlishe kwa nguvu, au nisubiri daktari Jumatatu?
Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Usisubiri Jumatatu, mama, wala usisubiri jioni. Na hiyo amoksilini iweke pembeni kabla hujaendelea kusoma. Dawa hiyo, pamoja na ampisilini, klindamaisini na linkomaisini, ikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wa tumboni wanaomsaidia kumeng'enya majani. Nafasi yao huchukuliwa na klostridia, wanaotoa sumu. Hapo sungura aliyekuwa na gesi tu anaanza kuharisha, na siku chache baadaye amekufa.

Mbwa anaweza kususa chakula kutwa nzima na kesho akaamka mzima. Sungura hawezi. Utumbo wake unasukumwa na nyuzinyuzi za majani zinazoingia mchana na usiku. Zikikoma kuingia, utumbo unapunguza mwendo, kilichomo kinakauka, gesi inajikusanya, na maumivu ya gesi yanamfanya azidi kukataa kula. Kutapika hawezi kabisa, maumbile hayamruhusu. Juu ya hayo, mwili usiopata chakula huanza kuyeyusha mafuta yake, nayo hujaa kwenye ini. Ndiyo maana sisi tunahesabu muda wa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi kuwa ni dharura, na wa kwako ameshaufikia.

Sasa swali lako la kumlisha. Jibu liko tumboni mwake, kwa hiyo mpapase. Mweke juu ya taulo, mtu mmoja amshike vizuri nyuma (akirusha miguu kwa nguvu anaweza kujivunja uti wa mgongo), kisha pitisha vidole taratibu chini ya mbavu, upande wa kushoto, lilipo tumbo la chakula. Likiwa laini, au linabonyea kama unga uliokandwa, huenda utumbo umepunguza mwendo tu. Likiwa limejaa, limekaza na halibonyei, usimpe chakula wala maji kwa mdomo. Huenda njia imeziba, mara nyingi kwa fundo la manyoya yaliyoshikamana, wakati mwingine kwa uzi wa zulia au kipande cha plastiki. Ukisukumia uji juu ya kizuizi, tumbo linaweza kupasuka.

Mwenendo wa ugonjwa nao unasema kitu. Utumbo uliopunguza mwendo huanza polepole: punje za kinyesi zinakuwa ndogo na chache siku moja au mbili kabla. Njia iliyoziba huja ghafla, asubuhi anarukaruka, mchana amelala ubavu, masikio ya baridi. Mkate na ndizi, pamoja na kusaga meno, ambako kwa sungura ni kilio cha maumivu, vinanielekeza kwenye lile la kwanza, lakini bila kumgusa sithubutu kuapa.

Kama una kipimajoto cha kidijitali, kipake mafuta ya mgando na umpime njia ya haja kubwa, ncha tu. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40. Likiwa chini ya 38 hali ni mbaya. Mwekee chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye khanga na uondoke naye mara moja. Likipita 40.5, na kwa joto la Dar hilo linawezekana, usimpashe. Mtoe kwenye chumba chenye joto na umlowanishe masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida.

Tumbo likiwa laini na joto likiwa sawa, loweka pelleti zake (chakula cha punje cha dukani) kwenye maji ya uvuguvugu, ziponde ziwe uji mwepesi, na umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Lipitishe pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, penye pengo. Mpe kidogo kidogo, asubiriwe ameze. Mililita 10 kwa kila kilo zinatosha kwa mara moja, kwake ni kama 20, kisha rudia baada ya saa 4 hadi 6 kama bado hujamfikia daktari. Mafuta ya jirani achana nayo: hayafungui chochote, na yakipitia njia ya hewa yanaua mapafu.

Piga simu kabla ya kwenda, maana si kila daktari wa mifugo anashughulika na sungura. Anachohitaji kwanza ni dawa ya maumivu na maji ya dripu; dawa za kusukuma utumbo zinafuata, na hazitolewi kama njia imeziba. Picha ya eksirei husaidia sana. Isipokuwepo, mwombe apime sukari kwa kile kipimo kidogo cha wagonjwa wa kisukari. Sukari ya sungura mzima ni kama milimoli 4 hadi 8 kwa lita ya damu. Maumivu na hofu huipandisha, lakini ikipita 20 tunashuku sana kuwa njia imeziba na upasuaji unaanza kuzungumzwa.

Akipona, kinyesi cha kwanza kitakuwa kidogo, kikavu, pengine kimeunganishwa na manyoya. Kifurahie, na usiache kumlisha kwa bomba mpaka ale mwenyewe. Kisha nyasi kavu ziwepo mbele yake saa zote, mkate usirudi. Na kabla hujamrudisha nyumbani mwambie daktari amtazame magego: meno ya sungura hayaachi kukua, na gego lenye ncha linalochoma ulimi litamrudishia tatizo hili hata kama hakugusa ndizi tena.