Maswali ya Maktaba: Tuzo ni ya Kitabu au ya Mwandishi?

SWALI: Assalaam aleikum. Nasimamia maktaba ya skuli ya msingi huku Micheweni. Tumeletewa boksi la vitabu vya watoto vya Meshack Asare wa Ghana, nakala 23, vyote vya Kiingereza. Mwalimu mkuu anataka vikae kabati la kioo visichakae, juu kiwekwe kibao "Mshindi wa Tuzo", na kila kitabu kibandikwe nishani ya karatasi ya dhahabu. Mimi roho inasita. Tufanyeje? *(Mwalimu wa maktaba, Micheweni)*

JIBU: Waalaikum salaam, mwalimu. Roho yako imesita pahala pake. Kuna tuzo anayopewa mtu na kuna tuzo kinayopewa kitabu, na Asare, aliyezaliwa mwaka 1945, anazo za aina zote mbili. *The Brassman's Secret* kilipata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka 1982. *Sosu's Call* kilipata tuzo ya UNESCO ya vitabu vya watoto vinavyojenga uvumilivu, mwaka 1999. Mwaka 2015 akatunukiwa yeye mwenyewe tuzo ya NSK Neustadt, inayotolewa Marekani kwa jumla ya kazi za mwandishi wa watoto.

Kwa hiyo nishani zibandikwe kwenye majina mawili hayo, si kwenye kila kitabu, na kila nishani iandikwe jina la tuzo na mwaka. Ile ya 2015 iandikwe kwenye kadi ya mwandishi, si kwenye jalada la kitabu chochote. Ukikuta ndani ya boksi kitabu kiitwacho *Noma's Sand*, usikimbilie gundi: Noma wa hapo ni jina la mhusika, hana uhusiano na tuzo.

Kwa nishani, kipenyo cha sentimita 2.5 kinatosha. Ibandike pembe ya juu kulia, mbali na jina la kitabu na mbali na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), kisha kava la nailoni lipite juu yake. Ikibaki nje ya nailoni itabanduliwa na vidole vya watoto kabla muhula haujesha. Nailoni ikunjwe ndani sentimita 4 kila upande, na selotepu ishike nailoni kwa nailoni, isiguse jalada. Kwa joto letu gundi ya selotepu hulainika, ikatambaa kwenye karatasi na kuacha doa la manjano lisilotoka.

Kabla ya yote hayo fungua rejista. Kila nakala ipewe namba yake ya kuingilia, hata kama ziko tatu za jina moja. Andika tarehe, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ISBN na alikotoka mfadhili. Mwaka usiutoe jaladani. Utazame nyuma ya ukurasa wa jina. Hapo ndipo penye mtego wa mwandishi huyu: *The Brassman's Secret* kilikuja kuchapwa tena kwa jina la *Kwajo and the Brassman's Secret*. Asiyefungua ndani atahesabu hadithi mbili, na orodha yake itadanganya. Chagua jina moja liwe kuu kwenye kadi, na jina la pili liwe na kadi ndogo inayosema "tazama" lile la kwanza. Nishani nayo ikae kwenye machapisho yote mawili, maana kazi ni ile ile.

Lebo sasa. Vitabu vya picha mara nyingi vina kurasa 32 tu, kwa hiyo mgongo ni mwembamba kuliko penseli na lebo haishiki. Ibandike kwenye jalada la mbele, pembe ya chini kushoto, sentimita 2 kutoka chini: mstari wa juu P (yaani picha), mstari wa chini ASA (herufi tatu za mwanzo za Asare). Visipangwe kwa mgongo kama misahafu, mtoto hataviona. Tafuta masanduku mawili ya mbao ya upana wa sentimita 35, yasiyo na kifuniko, vitabu visimame vikiangalia mbele, kumi au kumi na viwili kila sanduku. Ukivijaza vikabana, mtoto atavuta kwa pembe na jalada litachanika kwenye pini.

Na kabati la kioo? Hapana. Mwambie mwalimu mkuu kwa heshima kwamba kabati lililofungwa bila hewa wakati wa masika ndilo shamba la ukungu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huota, na karatasi ya jalada huanza kunuka kabla doa halijaonekana. Kama anataka kitu kisalimike, nakala moja ya kila jina isomwe humo humo maktabani, zilizobaki ziazimwe kwa wiki moja moja. Kibao chake kiwekwe muhula mmoja, kisha vitabu virudi kwenye herufi yake. Rafu ya washindi ikiwa ya daima hugeuka pambo, na mtoto anayetafuta hadithi chini ya A hazikuti.

Kiingereza kisiwazuie. Asomaye kwa sauti aandae tafsiri yake kwenye karatasi pembeni, aihifadhi ndani ya faili, asiandike kitabuni wala asibandike juu ya maneno. Kuchapa tafsiri na kuigawa ni jambo jingine, linataka ruhusa ya mchapishaji. Anza na *Sosu's Call*: mtoto asiyeweza kutembea, kijiji kilichobanwa baina ya bahari na maji yaliyozungukwa na nchi kavu, na ngoma inayowaita watu bahari inapopanda. Watoto wa Micheweni hawahitaji kuelezwa bahari. Ila usiyaite yale maji "wangwa". Wangwa wanaujua, hukauka maji yakitoka, na hadithi itawavurugikia.

SWALI: Majina ya waandishi wetu ya Kizanzibari tunayapanga kwa herufi gani? Kila mtu hapa ana rai yake. *(Msomaji, Mkoani)*

JIBU: Kwa jina la mwisho lililo jaladani. Muhammed Said Abdulla yuko A. Said Ahmed Mohamed yuko M. Andika kama mwandishi alivyoandika mwenyewe, usimsahihishe. Tatizo ni kwamba Mohamed, Mohammed na Muhammed zitakaa mbalimbali kwenye droo ya kadi, kwa hiyo weka kadi ya "tazama pia" kwenye kila moja ya tatu hizo. Hadithi za mapokeo zisizo na mtunzi zisitafutiwe mtunzi, zinakwenda namba 398.2 ya mpango wa Dewey wa kupanga vitabu, na fasihi ya Kiswahili iliyotungwa inakwenda 896.392.

SWALI: Wazazi wanauliza kwa nini Abdulrazak Gurnah hayumo kwenye sehemu ya watoto, na yeye ni mtu wa hapa aliyepata tuzo kubwa kuliko wote. *(Bi mkutubi, Unguja)*

JIBU: Kwa sababu haandikii watoto. Nobel ya 2021 ni ya fasihi kwa jumla. *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya *Paradise*, ina mvulana ndani yake, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Mhusika kuwa mtoto hakufanyi kitabu kuwa cha watoto. Kiweke kwa watu wazima, na wanafunzi wa sekondari ya juu wakiazime.

SWALI: Bati limevuja, vitabu vya picha vimerowa. Tuvianike juani? *(Mwalimu, Chake Chake)*

JIBU: Juani hapana: rangi hufifia, jalada hujikunja kama samaki wa kukausha, na gundi ya mgongo hupasuka. Lakini hatari kubwa ni nyingine, na saa zinahesabika. Karatasi ya kung'aa inayotumika kwenye vitabu vya picha ikikauka ikiwa imefungwa, kurasa hugandana, na hapo hakuna dawa. Kwa hiyo leo hii, kabla hazijaanza kukauka, pitisha karatasi nyeupe isiyo na maandishi baina ya kila kurasa. Gazeti lisitumike, wino wake utahamia. Kurasa ikikataa kufunguka usiivute. Simamisha kitabu kikiwa kimefunguka kidogo kwenye kivuli chenye upepo au feni, badilisha karatasi kila zikilowa, na kikishakauka kabisa kilaze chini ya ubao na tofali siku tatu.

Vilivyokwisha kugandana au kuota ukungu mweusi, vitenge na uvifute kwenye rejista kwa tarehe na sababu. Mende nao watakuja kufuata gundi iliyolowa. Msiwatilie vidonge vyeupe vya nafthalini. Watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao katika mwambao huu si wachache, wanaweza kuvunjikiwa chembe hizo kwa kuvuta harufu yake au kukimeza. Fagia, ziba nyufa, na masanduku yasikae chini sakafuni. Yainue sentimita 15.